Mwalimu Bong na Gari Lisilo na Kidude

Tarehe thelathini na moja Desemba, Mwalimu Bong Tae-sik atarudisha funguo za darasa namba mbili na kustaafu, baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Mafunzo ya Udereva hapa Sangju kwa miaka thelathini na mmoja. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alifundisha darasa ambalo hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kuliomba: darasa la madereva walionyang'anywa leseni kwa kuendesha wakiwa wamelewa, wakafundishwa, wakarudishiwa leseni, kisha wakalewa na kuendesha tena. Kwenye ratiba linaitwa Darasa la Marejeo. Sisi wa mapokezi tunaliita kwaya, kwa sababu nyuso ni zile zile na kila mtu anajua mahali pake pa kukaa.

Nimepewa heshima ya kuandika ukurasa huu wa kumuaga kwa sababu mbili. Kwanza, meza yangu inatazamana na mlango wa darasa hilo, na kuta zetu ni nyembamba. Pili, niliolewa mwezi Oktoba, na bila Mwalimu Bong sidhani kama ningeolewa, angalau si kwa furaha niliyo nayo sasa hivi ninapoandika. Mkurugenzi wetu, Mama Pyo, ameniomba nimtaje mume wangu pale tu inapobidi. Nitajitahidi, ingawa kwa upande wangu inabidi kila mstari.

Mwalimu Bong aliajiriwa kufundisha kuegesha gari. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kikohozi cha aibu, na wanaomkumbuka wanasema alikuwa akiziomba radhi nguzo zilizogongwa na wanafunzi. Darasa la Marejeo alipewa kwa wiki moja tu, kwa sababu mwenye darasa alikuwa anaumwa mgongo. Mgongo ukapona, mwenye darasa hakurudi. Mwalimu Bong akaendelea kuwa mwalimu wa muda mpaka nywele zikamwisha.

Siku ya kwanza aliwaachia wanafunzi wake waende kula chakula cha mchana kama watu wazima. Walikwenda kwenye mgahawa wa supu ulio ng'ambo ya barabara na kurudi mashavu mekundu, wamechangamka sana, na mmoja wao akaomba aruhusiwe kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wenzake. Walikuwa wamekuja kusoma hatari za pombe. Mwalimu Bong hakugomba. Aliwasha kipimo cha pumzi kilichokuwa mezani kwa ajili ya somo la alasiri, akawapitishia mmoja mmoja kama sahani ya sadaka. Darasa zima likaanza upya Jumatatu iliyofuata. Tangu hapo chakula cha mchana aliwapeleka mwenyewe, kwa miguu, wamejipanga wawili wawili, na mama mwenye mgahawa akiwaona tu kwenye kivuko huwaambia wasaidizi wake, "Ondoeni chupa mezani, kwaya inakuja."

Katika muda wake sheria imebadilika mara nyingi kuliko viti vya mapokezi. Alipoanza, mtu aliyekamatwa amelewa alilipa faini, akalaani bahati yake, akarudi nyumbani kusimulia. Baadaye mara tatu zikatosha kumpotezea leseni kwa miaka, kisha mara mbili. Kiwango kikashushwa hadi glasi moja ya soju, pombe yetu kali, inatosha kukuponza. Vifungo vikaongezwa, na siku hizi hata gari lenyewe laweza kuchukuliwa. Kila sheria mpya ilipotoka, Mama Pyo alibandika mchoro kwenye ukuta wa korido kuonyesha idadi ya wanafunzi wa Marejeo inavyopungua.

"Mwalimu Bong, tazama mstari unavyoshuka," alimwambia mwaka mmoja.

"Nauona, Mama. Walioshuka ni wale ambao hata zamani walikuwa waoga. Wangu hawasomi magazeti."

Mwaka uliofuata mstari ulipanda tena na mchoro ukaondolewa. Mama Pyo ameisoma aya hii na kuiruhusu, na ameniomba niongeze kwamba ukuta ulihitaji rangi kweli.

Msije mkadhani alizidharau sheria. Alisema zimeokoa watu wengi ambao hatutawajua kamwe, kwa kuwa walikaa nyumbani au waliita wale madereva wa kukodi wanaokuendesha hadi kwako kwa gari lako mwenyewe. Ila aliwajua wanafunzi wake. "Adhabu kali humfanya mtu afikirie," aliniambia siku moja akisubiri karatasi zitoke kwenye mashine. "Shida ni kwamba hawa wangu hufikiria asubuhi." Wapo waliomaliza darasa lake na hawakuonekana tena, na alipokutana nao sokoni walijificha nyuma ya kabichi kwa haya. Wapo waliorudi. Mmoja hakurudi popote, na Mwalimu Bong alikwenda kwenye mazishi yake akakaa mkeka wa mwisho, karibu na viatu.

Kisha ikaja sheria ya kidude. Aliyerudia kosa, akishamaliza miaka yake ya kunyimwa leseni, sasa hupewa leseni yenye sharti: gari lake lazima lifungwe kifaa cha kupuliza. Hupulizi, gari haliwaki. Ukipuliza na kileo kikaonekana, haliwaki, na linajifunga kwa muda ili ukae utafakari. Ukimwomba mwenzako akupulizie ni kosa, na ukiendesha gari lingine lisilo na kidude ni kosa kubwa zaidi, leseni inakwenda na wewe unakwenda jela. Mwalimu Bong alikipenda kidude tangu siku ya kwanza. "Hiki hakimwombi mtu afikirie," alisema. Kasoro aliiona moja tu, na aliirudia kila darasa hadi ninaweza kuisema usingizini: kidude kinakaa kwenye gari, lakini mtu hakai kwenye gari, na duniani kuna magari mengine.

Kwa hiyo kila aliyefungwa kidude alipewa na Mwalimu Bong namba yake ya simu, pamoja na maagizo. "Kikikukataa usibishane nacho. Usimwite mkeo akupulizie. Usitazame gari la jirani. Nipigie mimi." Na walimpigia. Walimpigia akiwa kwa kinyozi, akiwa kwa daktari wa meno mdomo wazi. Mmoja alipiga kulalamika kwamba kidude hakina adabu kwa wazee.

"Na wewe ulikipumulia kwa adabu?" Mwalimu Bong alimuuliza.

Hapa, Mama Pyo anisamehe, inabidi nimtaje mume wangu. Na siwezi kumtaja mume wangu bila kumtaja baba yake, Mzee Tak Gwang-ho, mkulima wa gam, yale matunda ya rangi ya chungwa, kwenye vilima vya magharibi, ambaye mwenyewe amenipa ruhusa niandike kila kitu. Mara ya kwanza alikamatwa akitoka kwenye sherehe. Mara ya pili akitoka msibani. Mara ya tatu hakukamatwa bali alisimamishwa na kituo cha basi cha kijiji chake mwenyewe, na kwenye benchi la kituo hicho alikuwa amekaa mkewe, Mama Kwak, akisubiri basi la kwenda sokoni. Mguu ulivunjika mahali pawili. Anachechemea hadi leo. Mzee Tak alifungwa, akatoka, na mkewe alimsamehe kwa namna anayoijua yeye. Mtoto wao wa pekee, Jun-yeong, hakumsamehe.

Akiwa bado hana leseni, Mzee Tak aligundua pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono linalovuta tela. Sheria ya walevi barabarani haiihesabu pawatila kuwa gari, kwa kuwa ni chombo cha shamba. Akaanza kwenda nayo dukani na kurudi akiimba, mpaka jioni moja akaishia mtaroni, tela juu, yeye chini, mzima lakini amejaa matope hadi masikioni. Siku ya darasa alikaa mbele kabisa.

"Mwalimu, kwani sheria inasemaje kuhusu pawatila?"

"Haisemi kitu."

"Basi mimi sina kosa."

"Huna. Ndiyo maana umelala mtaroni bila kutozwa faini."

Darasa likaangua kicheko na Mzee Tak akacheka pamoja nao. Mwalimu Bong akawaacha wacheke mpaka wakamaliza. "Sasa niambie, Tak. Siku ile mkeo angekuwa kwenye tela?"

Darasa lilipotoka, Mzee Tak alibaki kwenye kiti chake mpaka nikaenda kuzima taa.

Jun-yeong ndiye aliyekuwa akimleta baba yake darasani, kwa sababu mama yake alimwomba. Hakuingia ndani. Alikaa mapokezi, amekunja mikono, uso umefungwa kama duka siku ya msiba. Nilimpa chai. Hakuinywa. Wiki ya pili akainywa. Wiki ya tatu Mwalimu Bong alichungulia mlangoni akamwomba aje kwangu achukue chaki, na wiki ya nne vilevile, na mimi nikawa nazitafuta chaki kwa bidii kwenye droo zote, ingawa ubao wetu ni wa kalamu na kituoni hapa hakuna chaki tangu nikiwa shule ya msingi. Tulikuwa tukizitafuta pamoja. Sijawahi kufurahia kukosa kitu namna ile. Ana vishimo viwili mashavuni ambavyo huonekana pale tu anapojaribu kutocheka.

Alipokuja kunichumbia aliniambia wazi. "Baba yangu akishika usukani amelewa mara moja tena, mimi sina baba. Hata kama ni siku ya harusi, kiti chake kitakaa kitupu, na nisingependa mtu anibembeleze." Mama Kwak alikuwa ameshasema kwamba kama mumewe haji na yeye haji, kwa hiyo viti vingekuwa viwili. Nilikwenda kulia kwenye chumba cha fotokopi, na Mwalimu Bong akanikuta huko.

"Binti, mimi sina dawa ya mtu," aliniambia. "Nina kidude na nina simu. Mengine ni ya Tak mwenyewe." Kisha akanipa kitambaa chake, kilichokuwa kimetumika, lakini nia ilikuwa njema.

Tulimwomba Mwalimu Bong awe mfungishaji wa ndoa yetu. Harusi ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, saa sita mchana, kwenye ukumbi wa katikati ya mji ambao hufunga ndoa moja baada ya nyingine, maharusi wa pili wakisubiri mlangoni wakati wa kwanza wanapigwa picha. Ukichelewa, umechelewa. Yaliyotokea kijijini asubuhi hiyo nayasimulia kama nilivyosimuliwa na mama mkwe, ambaye huyasimulia kila tunapokaa kula, na kila mara huanza kwa kucheka.

Kwa wageni, Mama Kwak alikuwa ametayarisha gam za kulainisha. Kila mtu hapa anajua gam mbichi ilivyo na ukakasi, unaikata kwa meno na ulimi unakuwa kama zulia. Wengine huziweka kwenye maji ya chumvi. Mama Kwak huzinyunyizia soju na kuzifunika siku kadhaa mpaka ziwe tamu, na soju huipima kwa jicho, na jicho lake ni karimu. Mwaka huu alizifunua kabla ya siku zake ili ziwahi harusi. Mzee Tak, amevaa suti tangu alfajiri na hana la kufanya kwa wasiwasi, alikaa jikoni na bakuli.

Muda wa kuondoka ulipofika aliingia kwenye gari lake, lililofungwa kidude tangu arudishiwe leseni, akapuliza. Kidude kikawaka taa nyekundu na kujifunga.

"Sijanywa," alisema.

Mama Kwak alimtazama tu. Kwa miaka yote ya ndoa yao neno hilo alilisikia kila mumewe alipokuwa amekunywa. Akapiga simu mjini, simu ikiwa kwenye spika kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta ya nywele na hakutaka kuichafua simu. Jun-yeong alikuwa kwa mtengeneza nywele, mimi kiti cha pili.

"Kidude kimemkataa baba yako," mama yake alimwambia.

"Basi njoo wewe, mama. Yeye abaki."

Mzee Tak aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama ubavuni mwa gari lake, miwani imemteremka puani.

Mdogo wake, Gwang-su, alikuwa amefika tangu asubuhi kusaidia kupakia masanduku, na gari lake dogo la mizigo lilikuwa mlangoni, funguo zikiwa ndani. "Kaka, chukua langu. Halina mambo ya kupulizapuliza. Ni nusu saa tu mpaka mjini. Wewe unajua hujanywa, mimi najua hujanywa."

"Na kwa nini wewe usituendeshe?" Mama Kwak alimuuliza.

"Mimi nimekunywa, shemeji. Leo ni harusi."

Walipiga simu za teksi. Ilikuwa Jumamosi ya mavuno na mji umejaa wageni, na dereva pekee aliyepokea aliwaambia wasubiri saa nzima. Mama Kwak akaingia ndani kumalizia nywele zake, kwa hasira, na alipotoka akamkuta mumewe anaongea na Mwalimu Bong kwenye simu.

Mwalimu Bong alikuja na gari lake akiwa amevaa kwa harusi, glavu nyeupe mikononi na ua kifuani. Alipita moja kwa moja jikoni, akanusa.

"Tak, umekula nini?"

"Gam. Nilikuwa na wasiwasi, mkono ukawa unakwenda wenyewe."

"Umekula ngapi?"

"Mwalimu, hilo bakuli lilikuwa limejaa."

Mwalimu Bong akaanza kucheka mpaka ua likamdondoka. Alielewa mara moja kwamba mtu huyu hakulewa, ni mdomo wake tu uliokuwa na soju, na kwamba akisukutua na kukaa kidogo hewa yake itakuwa safi. Lakini kidude kilikuwa kimeshajifunga na muda unakwenda, kwa hiyo angewapeleka yeye. Hapo angeondoka nao, na ukurasa huu ungekuwa mfupi. Badala yake akataka kuhakikisha. Alikula gam mbili kwa ajili ya uchunguzi, na ya tatu kwa sababu ya utamu wake, akaenda kwenye gari lake akatoa kipimo cha mkononi anachotembea nacho daima, akapuliza.

Taa nyekundu.

Mama Kwak anasema alisimama pale na glavu zake nyeupe akikitazama kile kipimo kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuiona rangi hiyo kwa pumzi yake mwenyewe. Alisukutua, akasubiri, akapuliza tena. Kileo kilipungua, hakikwisha.

"Ni ya mdomoni tu," alisema. "Nikingoja kidogo hivi..."

"Mwalimu," Mzee Tak akamwambia kwa upole, "kikikukataa usibishane nacho."

Mwalimu Bong akatia funguo zake mfukoni. Wanaume watatu wakabaki wamesimama uani, magari matatu mbele yao, na hakuna hata mmoja wa kuyaendesha.

"Mmemaliza?" Mama Kwak akawauliza. Yeye hali gam za soju, meno yake hayazipendi, na hajawahi kuwa na leseni, wala pawatila haihitaji leseni. Alipandisha sketi yake ndefu ya hariri ya waridi, akavaa mabuti ya shamba, akazungusha mkono wa mashine ikawaka. "Pandeni nyuma. Na huyo mlevi mwingine naye apande, asije akabaki hapa na gari lake."

Mimi nilikuwa nimeshavaa, nimekaa kwenye kile chumba cha bibi harusi chenye maua ya karatasi, natabasamu kwa kila aliyeingia kupiga picha. Saa sita ilifika. Mama yangu alikuwa amesimama peke yake jukwaani na mshumaa wake, kwa sababu mishumaa huwashwa na mama wawili. Meneja wa ukumbi alikuja mara ya kwanza akiwa na tabasamu na mara ya pili bila tabasamu. Maharusi wa pili walishafika, na bibi harusi wao alikuwa akinitazama kwa huruma. Jun-yeong alisimama kwenye ngazi za nje, na mtu alimwambia aanze tu, watu wanaelewa, na yeye akasema ndiyo, dakika moja, tuanze.

Ndipo pawatila ikakata kona ya benki.

Naliona jambo hili kila nikifumba macho. Mama mkwe mbele, wima, hariri inapepea juu ya mabuti, magari ya mji mzima yamejipanga nyuma yake bila hata mmoja kuthubutu kupiga honi. Kwenye tela, juu ya masanduku ya gam, mfungishaji wa ndoa na baba wa bwana harusi wamekaa bega kwa bega, kila mmoja ameshikilia ukingo. Katikati yao baba mdogo Gwang-su amelala fofofo.

Mzee Tak aliteremka akasimama mbele ya mwanawe. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuanza kujieleza.

"Umekunywa?" Jun-yeong alimuuliza.

"Sijanywa."

Jun-yeong akamgeukia Mwalimu Bong, na Mwalimu Bong akafungua mdomo aeleze habari ya soju na gam na uchunguzi wake. Mama Kwak akamzuia kwa mkono.

"Habari za gam utaambiwa baadaye," alimwambia mwanawe. "Sikiliza hii kwanza. Gari la ba mdogo wako lilikuwa mlangoni na funguo ndani. Mimi nilikuwa chumbani, barabara tupu, hakuna askari. Na wewe ulikuwa umeshamwambia asije. Baba yako aliingia kwenye lile gari akakaa. Nilimwona dirishani. Nikasema moyoni, haya, tumekwisha. Halafu akatoka, akaja dirishani akanipa funguo, akaniambia nizifiche na nisimwambie nilipozificha." Akazitoa kifuani kwake akazionyesha. "Mimi nimeishi na huyu mtu. Akinywa, haji dirishani."

Mwalimu Bong hakuwa na habari hiyo. Alikuwa amekaa karibu na Mzee Tak safari yote na hakuambiwa. Alivua miwani akaifuta kwa glavu, ikazidi kuwa chafu, akaivaa hivyo hivyo.

Mume wangu akamsogelea baba yake. Alimwondoa jani lililokuwa kwenye kola, akamfunga tai upya, taratibu, kama vile hakuna mtu anayesubiri, kisha akamshika mkono wakaingia. Mama yangu na mama mkwe wakawasha mishumaa, mmoja akiwa na viatu vya hariri na mwingine mabuti.

Mwalimu Bong alikuwa ameandaa hotuba ndefu juu ya uvumilivu katika ndoa. Alipanda jukwaani, akamtazama meneja, akaikunja. "Muda wa hotuba tumeumaliza barabarani," alisema. "Mmeona wazazi wa bwana harusi walivyofika. Nanyi muishi hivyo hivyo." Harusi za watu wengine huchukua muda mrefu zaidi na nazionea huruma.

Aprili ijayo muda wa sharti utakwisha, na fundi atakiondoa kidude kwenye gari la Mzee Tak. Wiki iliyopita Mzee alikuja kituoni, akaingia darasa namba mbili bila kuitwa, akakaa mbele. Kama nilivyosema, kuta zetu ni nyembamba.

"Mwalimu, siku kikitoka itakuwaje?"

"Sijui, Tak. Sheria hii haijakaa muda wa kutosha kutuambia. Huko nchi nyingine wanasema wengi hurudia kikishatoka."

"Na wewe utakuwa umeshastaafu."

"Nitakuwa nimestaafu."

Mimi nikashikilia simu iliyokuwa inaita bila kuipokea. Kisha Mzee Tak akamwomba jambo moja: asubuhi ile fundi akimaliza, Mwalimu Bong apande naye, yeye Mzee usukanini, waende mpaka mjini na kurudi. Magari yetu ya kituo yana breki ya pili upande wa abiria, kwa ajili ya mwalimu. La Mzee Tak halina.

"Nitakuja," Mwalimu Bong alimwambia. "Miguu nitaikunja tu."

Mwalimu wetu, kwa niaba ya kituo kizima, asante kwa miaka yako na kwa simu uliyoipokea hata kwa daktari wa meno. Mimi nakushukuru pia kwa chaki ambazo hazikuwepo. Nenda salama nyumbani kwako, lala mpaka jua lipande, kula gam za chumvi, na maisha yako mapya yawe mema na marefu. Ila Aprili usichelewe. Mzee ameshaosha gari.